Besi ya kujitengenezea inanguruma: tatizo ni mikro, masi au ardhi?

Katika mazoezi ya kwaya za Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, kuna ubishi usiokwisha. Kijana amechonga gitaa lake la besi mwenyewe, ameunga nyaya kwa kufuata mchoro aliouona kwenye simu, ameichomeka kwenye ampli, yaani kikuza sauti, na badala ya besi inatoka ngurumo. Hapo kila mtu anakuwa fundi. Mmoja anasema mikro ni za bei rahisi, atafute nyingine. Wa pili anasema ndivyo umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ulivyo, hakuna la kufanya. Wa tatu anasema kata ule waya unaokwenda kwenye daraja, kwa sababu ndio unaoleta umeme kwenye nyuzi. Huyu wa tatu ananitia hofu, maana ushauri wake unaweza kumwacha mtoto wa mtu akiamini yuko salama wakati hayuko.

Fedha nyingi hupotea kwa kununua mikro mpya wakati ya zamani haikuwa na kosa lolote. Kasoro nyingi za besi za kujitengenezea ziko kwenye njia ya umeme ya kurudi, ile ambayo mchoro huionyesha kwa alama ndogo tu, kana kwamba haina kazi. Ukiielewa njia hiyo, karibu kila kitu kingine ndani ya gitaa kinajieleza.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Mikro hapa ni kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Ile nyingine nitaiita mikro ya kuimbia. Daraja ni chuma kinachoshika nyuzi upande wa chini wa gitaa. Potensiometa ni kifaa cha kuzungusha, kimoja cha sauti na kingine cha toni. Kapasita ni kidude chenye miguu miwili kinachofanya kazi na potensiometa ya toni. Jeki ni tundu la milimita 6.35 unamochomeka kebo. Ishara ni umeme mdogo unaobeba sauti. Masi ni njia ya ishara hiyo kurudi. Na ardhi ni kitu tofauti kabisa: ni waya wa usalama wa nyumba, mara nyingi wenye rangi ya kijani na njano, unaoshuka hadi kwenye nondo iliyozikwa udongoni. Masi iko ndani ya gitaa na kebo. Ardhi iko ukutani. Kuzichanganya hizi mbili ndiko kunakozaa ushauri wa kukata waya wa daraja.

Umeme unaozaliwa chini ya uzi

Ndani ya mikro kuna sumaku, na kuna waya wa shaba uliozungushwa kuizunguka. Mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliosokotwa hivyo, yaani koili, umeme unazaliwa ndani ya waya. Kwenye gitaa sumaku imetulia. Kinachosogea ni uzi wa chuma juu yake. Uzi ukitikisika unavuruga nguvu ya sumaku iliyouzunguka, na koili inatoa umeme unaopanda na kushuka sawasawa na mtikisiko ule. Uzi mnene wa E hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55, wa D mara 73, wa G mara 98. Kumbuka namba hizi, zitarudi.

Kwa hiyo uzi lazima uwe wa chuma cha pua au nikeli, kitu ambacho sumaku inakihisi. Ukifunga uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kama baadhi ya watu wanavyofanya kwenye besi za mfano wa kalindula, mikro ya sumaku haitasikia chochote hata ungeinunua kwa bei gani. Hapo unahitaji kidude cha piezo, kisahani kinachobandikwa kwenye mbao au chini ya daraja. Hiyo ni habari nyingine, na hutaka ampli au kisanduku cha mbele kilichoandaliwa kwa ajili yake.

Waya wa mikro si waya wowote. Katika mji ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 hakuna haja ya kumweleza mtu shaba ni nini, lakini hii imevutwa hadi kufikia unene wa milimita 0.063 hivi, kama unywele, kisha ikapakwa vanishi ili mzunguko usigusane na mwenzake. Mikro moja ya besi hubeba maelfu ya mizunguko. Waya wa wale wanaosuka upya mota za umeme ni mnene mno kwa kazi hii: kisanduku kitajaa kabla mizunguko haijatosha. Ukitaka kusuka mwenyewe, tafuta waya mwembamba kama ule ulio ndani ya rilei ndogo za zamani, zile swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, na uwe na subira, kwa sababu mvuto mmoja wa ghafla unaukata.

Chukua maltimita, ile mita ya kupimia umeme, uiweke kwenye kilo-omu 20 (omu ni kipimo cha ukinzani wa waya). Katika aina mbili za besi za Fender zinazoigwa sana, mikro ya Jazz Bass husoma kama 7 hadi 8, ya Precision kama 10 hadi 11. Wauzaji hupenda kusema yenye namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Si kweli. Waya mwembamba zaidi hupandisha omu bila kuongeza mzunguko hata mmoja, na aina ya sumaku haionekani kabisa kwenye kipimo hiki. Namba hiyo inakuambia jambo moja la uhakika: kama waya haujakatika. Mita isipoonyesha kitu, hapo ndipo mikro imekufa kweli. Ikionyesha kilo-omu zake, iache ilipo, tatizo liko kwingine.

Vivyo hivyo kuisogeza mikro karibu kabisa na nyuzi si kuongeza nguvu bure. Sumaku huanza kuuvuta uzi mnene, noti inakufa mapema na kuyumba. Bonyeza uzi kwenye kigawanyo cha mwisho cha shingo, yaani kile kijichuma cha mwisho kinachoikata shingo, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na mikro, kisha sikiliza.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Ishara inatoka upande mmoja wa koili, inapita kwenye potensiometa, inafika kwenye ulimi wa jeki unaogusa ncha ya plagi, inasafiri katikati ya kebo hadi kwenye ampli. Halafu lazima irudi. Inarudi kwa ule wavu wa shaba unaouzunguka waya wa kati wa kebo, inaingia kwenye mwili wa jeki, inapita kwenye migongo ya potensiometa, inafika upande wa pili wa koili. Duara limefungwa. Sehemu yoyote ya kurudi ikiachia, ishara inakosa pa kupita, na ampli inabaki inasikiliza waya mrefu ulioning'inia hewani. Na hewa ya chumba chenye umeme imejaa kelele.

Masi ina kazi ya pili, na hii ndiyo inayosahauliwa. Pamoja na kurudisha ishara, inaufunika waya wa ishara usiguswe na kelele. Ndiyo maana kwenye kebo masi iko nje na ishara iko ndani. Ndiyo maana pia tunafunika shimo la mbao lenye nyaya kwa karatasi ya shaba na kuiunga kwenye masi. Na ndiyo maana kuna waya unaotoka kwenye mgongo wa potensiometa kwenda chini ya daraja. Mwili wa binadamu ni mkubwa na unapitisha umeme. Ukikumbatia gitaa unakuwa mnara wa kupokea kelele za chumba na kuzisogeza karibu na mikro. Ukigusa nyuzi, waya wa daraja unakuunga na masi, na kelele inashuka.

Hapa kuna kipimo kisicho na gharama. Kelele ikipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida, daraja limeungwa vizuri, kilichobaki ni kufunika shimo. Ikiwa hakuna kinachobadilika, waya wa daraja umeachia au haupo. Kelele ikiongezeka unapogusa nyuzi, kuna uwezekano mkubwa ishara na masi zimebadilishana nafasi, mara nyingi kwenye jeki. Kijana mmoja aliniuliza, «Papa, besi yangu nikiigusa inapiga kelele zaidi, mikro imeungua?» Nyaya mbili za jeki zilikuwa zimegeuzwa, basi.

Kelele si moja

Kuna mngurumo mzito, na kuna mkwaruzo wa juu kama nyuki. Dawa zake hazifanani, na kutozitofautisha ndiko kunakowafanya watu waseme kufunika shimo hakusaidii.

Mkwaruzo hutoka kwenye taa, kwenye vipunguza mwanga, na hasa kwenye inventa (mashine za kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) za bei rahisi ambazo umeme wake unapanda kwa ngazi badala ya wimbi laini. Mji ukikatiwa umeme na kanisa likahamia kwenye betri na inventa ya namna hiyo, besi iliyokuwa kimya huanza kulalamika. Kelele ya aina hii huingia kupitia hewa kwenye nyaya zisizofunikwa, na karatasi ya shaba inaizuia vizuri. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo inafanya kazi, ila lehemu ya kawaida haishiki aluminiamu. Lazima ubane waya kwa skrubu na washa. Vipande vyote vya karatasi viguse kimoja na kingine kiumeme. Gundi ya kawaida chini ya shaba hutenganisha kipande na kipande, kwa hiyo weka tone la lehemu kwenye maungio na uhakikishe kwa mita.

Mngurumo mzito ni mambo mengine. Umeme wa nyumbani hapa ni wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na transfoma iliyo ndani ya ampli inatupa nguvu ya sumaku inayobadilika kwa kasi hiyo hiyo. Koili ya mikro imetengenezwa ili ihisi sumaku inayobadilika. Haina namna ya kujua kwamba hii si ya uzi. Shaba nyembamba haizuii sumaku ya namna hii. Rudi kwenye zile namba: E ni 41, A ni 55, na G ya chini, kigawanyo cha tatu kwenye uzi wa E, ni hezi 49. Mngurumo wa umeme umekaa ubavuni mwa noti hiyo. Mpiga gitaa la solo anaweza kupunguza masafa ya chini kwenye meza ya sauti na akasahau. Mpiga besi akifanya hivyo anapoteza besi yenyewe.

Dawa ya mngurumo huu ni koili mbili. Moja inasukwa kinyume cha nyingine, na sumaku zake zinageuzwa pia. Mngurumo wa chumba unaingia kwenye koili zote kwa namna moja, na kwa kuwa zimesukwa kinyume, unajifuta. Ishara ya uzi imegeuzwa mara mbili, mara moja na sumaku na mara moja na msuko, kwa hiyo inajumlishwa. Precision Bass ya Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, ilitoka mwaka 1951 ikiwa na koili moja. Mwaka 1957 ikapewa mikro iliyogawanyika vipande viwili, kimoja cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G, na vipande hivyo hufanya kazi kama nilivyoeleza. Kwa mtu anayejenga besi yake ya kwanza katika mji huu, na hali ya umeme tunayoijua, naona hiyo ndiyo mikro ya kuanza nayo. Ni rahisi kuunga, ni kimya, na inatoa sauti nene ambayo kwaya inaihitaji.

Wenye mikro mbili za aina ya Jazz Bass wakutane na jambo hili bila mshtuko: mara nyingi moja imesukwa kinyume cha nyingine, hivyo zote zikiwa wazi kabisa mngurumo unajifuta. Ukishusha moja, mngurumo unarudi. Watu hudhani potensiometa imeharibika. Haijaharibika. Koili iliyokuwa inafuta kelele imezimwa.

Potensiometa: fumbo la vifungo viwili vya sauti

Potensiometa ina miguu mitatu. Kati ya miguu ya pembeni kuna njia ya kaboni yenye ukinzani, na mguu wa kati umeungwa na kijiti kinachoteleza juu ya njia hiyo. Kwenye besi yenye mikro moja, ishara inaingia mguu mmoja wa pembeni, inatokea mguu wa kati, na mguu wa pembeni wa pili unalehemiwa kwenye masi. Ukizungusha, kijiti kinaikaribia masi na sauti inapungua. Kikifika mwisho, njia ya kutokea imeungwa moja kwa moja na masi, kimya. Ikiwa kifungo chako kinapunguza pale kinapotakiwa kuongeza, badilishana ile miguu ya pembeni.

Sasa weka mikro mbili, kila moja na kifungo chake, kisha uunge miguu ya kati ya potensiometa zote mbili kwenda kwenye jeki. Fungua zote, sauti ipo. Shusha kimoja hadi mwisho, na zote mbili zinakufa. Hili limewafanya watu wengi warudishe potensiometa dukani wakidai ni mbovu. Angalia njia: kifungo kilichoshushwa kimeunga mguu wake wa kati na masi, na mguu huo wa kati ndio ulioungwa na jeki. Umepeleka jeki nzima kwenye masi, pamoja na mikro ya pili isiyo na hatia. Dawa ni kugeuza: waya wa mikro uende kwenye mguu wa kati, na jeki ichukue ishara kutoka mguu wa pembeni. Sasa ukishusha, mikro moja tu inaungwa na masi, na jeki inabaki ikitenganishwa nayo na ukinzani wote wa potensiometa. Ndivyo Jazz Bass zenye vifungo vitatu zinavyoungwa. Mchoro wa besi ya mikro moja hauwezi kunakiliwa mara mbili ukapata besi ya mikro mbili, na michoro mingi inayosambazwa haisemi hivyo.

Thamani nayo ina maana. Kwa mikro za kawaida za koili moja na za aina ya Precision, tumia kilo-omu 250; zenye koili mbili zilizo pamoja mara nyingi hupewa 500. Kwa mafundi redio utapata kwa urahisi potensiometa za 10 au 50 zilizotolewa kwenye redio mbovu, na zinaingia shimoni bila shida. Usiziweke. Potensiometa yenyewe ni njia ya kuvujia masi hata ikiwa imefunguliwa kabisa, na ukinzani mdogo unavujisha nguvu na ung'avu, sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Kwenye mgongo utaona A250K au B250K. Kwa kawaida A hupanda kwa namna masikio yanavyosikia, B hupanda sawasawa. Kwa sauti mimi huchagua A.

Toni sasa. Mtazame mama anayechekecha unga wa bukari (ugali): ulio laini unapita, chenga zinabaki juu. Kapasita inafanya hivyo kwa sauti. Masafa ya juu yanapita ndani yake kwenda masi na kupotea. Ya chini yanazuiliwa, yanabaki kwenye njia ya ishara na kufika kwenye ampli. Potensiometa ya toni inaamua ni kiasi gani kiruhusiwe kufika kwenye chekeche. Thamani iliyozoeleka kwenye besi ni nanofaradi 47, ambayo kwenye kapasita ndogo huandikwa 473. Ukiona 104 ni nanofaradi 100, inakata zaidi. Usihangaike na kapasita za bei kubwa: ishara haifiki hata karibu na volti zilizoandikwa juu yake, na ile ya kauri kutoka kwenye redio iliyokufa itafanya kazi. Chagua tu isiyo na alama ya chanya na hasi.

Jambo moja zaidi kwa wenye mikro mbili. Kila moja ikilia vizuri peke yake, lakini pamoja zikatoa sauti nyembamba isiyo na tumbo, zinasukumana: moja inapanda wakati nyingine inashuka, na masafa ya chini yanafutana. Badilishana nyaya mbili za mikro moja tu, tatizo limekwisha. Ila kwanza hakikisha kifuniko cha chuma cha mikro hiyo, kama kipo, hakijaungwa na waya utakaoufanya wa ishara. Kikiwa kimeungwa, kitenganishe na ukiunge na masi kwa waya wake.

Kuhusu betri nitasema kwa ufupi. Wengi wanaamini besi yenye betri ya volti 9 ni bora kwa asili yake. Betri inalisha kikuza sauti kidogo ndani ya gitaa, kinachokuruhusu kuongeza masafa na si kuyapunguza tu, na kinachofanya kebo ndefu isile ung'avu. Ni faida ya kweli. Lakini ni vitu vingi zaidi vya kuharibika, na besi isiyo na betri iliyoungwa vizuri haimdai mtu chochote. Ukiiweka, tumia jeki yenye miguu mitatu na upeleke upande hasi wa betri kwenye mguu wa ziada: kebo ikichomekwa, mguu huo unaungana na masi na betri inawaka. Kebo ikiachwa usiku kucha, asubuhi betri imekwisha.

Kulehemu

Hapa hapana siri, kuna usafi. Lehemu ya bati 60 na risasi 40 huyeyuka karibu na nyuzi joto 190. Mgongo wa potensiometa ni chuma kipana kinachonyonya joto, kwa hiyo chuma cha kulehemu cha wati 25 kitakuchosha. Tafuta cha wati 40 hadi 60, usugue mgongo kwa msasa kidogo, upashe joto mgongo wenyewe na si lehemu, na utoke haraka. Lehemu ikikaa juu kama tone la umande lisiloshika, haijaungana. Dawa ya asidi ya mafundi wa mabomba isiguse gitaa, itakula nyaya. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Waya wa daraja na hofu ya kupigwa umeme

Sasa turudi kwa yule mshauri wa tatu. Watu wamepigwa umeme wakiwa na gitaa mkononi, hilo ni kweli. Lakini gitaa lenyewe halina umeme wa kumdhuru mtu. Ishara yake ni ndogo, na betri yake ni ya volti 9. Umeme wa hatari unatoka ukutani, unapitia ampli.

Ampli nyingi zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zina plagi ya pini tatu bapa, kama za Zambia. Prizi zetu ni za matundu ya duara. Katikati tunaweka adapta, na adapta nyingi za bei rahisi zina pini mbili tu: ardhi inaishia hapo. Nyumba nyingi hazina hata nondo ya ardhi ya kuiunga. Basi ikitokea ndani ya ampli waya wa umeme ukagusa sanduku la chuma, hakuna kinachoupeleka chini. Umeme huo unangoja. Masi ya kebo imeungwa na sanduku hilo, daraja limeungwa na masi, nyuzi zimeungwa na daraja. Mwimbaji mwenye besi anasogeza midomo kwenye mikro ya kuimbia, ambayo imeungwa na meza ya sauti iliyochomekwa prizi nyingine, na mwili wake unakuwa njia kati ya mashine mbili. Hata bila hitilafu, vichujio vilivyomo ndani ya mashine za kisasa huvujisha umeme kidogo kwenye sanduku, na ukosefu wa ardhi unaufanya uusikie kama mchomo wa sindano kwenye vidole. Mchomo huo ni onyo kwamba ardhi haipo.

Ukikata waya wa daraja, umeondoa nyuzi kwenye njia, lakini sahani ya jeki, vifungo vya chuma na plagi ya kebo vyote bado viko kwenye masi. Kidole kimoja kinatosha. Na juu ya hayo umejirudishia kelele zote. Rekebisha ukuta: adapta yenye ardhi, nondo iliyochimbiwa na fundi umeme, swichi ya kinga ya miliampea 30 inayokata umeme unapovuja, na vyombo vyote vya jukwaani, ampli na meza ya sauti, vitoke kwenye chanzo kimoja. Kabla ya ibada, weka maltimita kwenye volti za AC, kipimo cha juu kabisa, shika vishikio vya plastiki tu, gusa ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye wavu wa mikro ya kuimbia. Ikionyesha zaidi ya volti chache, mtu asishike besi mpaka sababu ipatikane.

Kabla hujafunga kifuniko

Chomeka kebo kwenye besi, upande wa pili uuache huru, usiuchomeke popote. Fungua sauti zote hadi mwisho. Weka maltimita kwenye kilo-omu na upime kati ya ncha ya plagi na mwili wake. Besi ya Precision yenye afya itasoma kama 10. Yenye mikro mbili za Jazz, zote wazi, itasoma kati ya 3.5 na 4. Ukishusha moja itapanda karibu na 7. Ikisoma karibu 250 kwenye besi ya mikro moja, mita inaiona potensiometa lakini haiioni mikro: waya wa mikro umeachia, au koili imekatika. Isiposoma chochote, kebo, jeki au masi imekatika njiani. Ikisoma sifuri, ishara inagusa masi mahali fulani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni shimo la jeki. Vuta plagi polepole ukitazama ndani: mara nyingi plagi inapoingia inausukuma ulimi wa jeki nje mpaka unagusa karatasi ya shaba uliyoibandika. Kata kipande cha karatasi hapo, au weka utepe wa kuzuia umeme, kisha upime tena.